Yustina na Salamu ya Makofi

Tangu nirudi Tabora, kila ninayekutana naye ananiuliza, "Zuhura, ilikuwaje huko kwa Waha?" Nami hujibu, "Salama tu," halafu naona aibu, kwa sababu haikuwa salama tu. Basi nimeketi niandike yote mara moja. Mpeane, msome, na atakayeniuliza tena nitamwambia akasome.

Habari za ruhusa, mihuri na kuzungushwa maofisini naziruka. Mnazijua, na hazina utamu. Inatosha kusema kwamba Theresia, yule niliyesoma naye chuo cha ualimu, yeye kitanda cha juu na mimi cha chini, aliniandikia barua kutoka Kasulu. Aliniambia ana watoto kumi na wawili na ngoma mbili, anataka kutengeneza mchezo wa kucheza kwa miili, usio na maneno mengi, juu ya mtoto anayetengwa na wenzake. Alikumbuka kwamba chuoni mimi ndiye niliyekuwa mtu wa ngoma. Mwishoni, kwa mwandiko uliobanwa pembeni mwa karatasi, aliandika: "Nimehamishiwa Lindi. Yustina, binti wa dada yangu, hana budi kurudi kijijini kwa mama yake, na shule ya kijijini imemkataa mara mbili. Nikiondoka kabla hajaandikishwa, hatasoma tena. Njoo."

Nilikwenda kwa sababu ya hiyo mistari ya pembeni.

Treni

Treni iliondoka Tabora vizuri, ikafika Kaliua ikasimama. Tulisimama tangu asubuhi mpaka jua likaanza kushuka. Aliyesema injini imeharibika alikuwepo, na aliyesema tunapisha treni nyingine alikuwepo, na wote wawili walisema kwa uhakika kabisa. Mimi subira sina. Nilishuka, nikapanda, nikashuka tena, mpaka mama mmoja wa Ujiji niliyekaa naye akaniambia, "Mwalimu, hata ukiisukuma haitakwenda. Kaa ule karanga."

Nikakaa, nikala karanga zake za kuchemsha. Akaniuliza ninakwenda kufanya nini Kasulu. Nikamwambia ninakwenda kufundisha watoto kucheza. Alinitazama sana.

"Kucheza? Watoto wa huko hawajui kucheza mpaka atoke mtu Tabora?"

"Mchezo wenyewe ni wa mafunzo, mama."

"Haya," akasema, akanimiminia karanga nyingine. "Lakini ujue Waha wanasalimiana mpaka ugali unapoa. Usiwakate katikati. Utaonekana huna adabu."

Nilicheka, nikaona ni maneno ya mtu wa mjini anayewasema watu wa vilimani. Kesho yake asubuhi tuliingia Kigoma nikiwa nimekwisha yasahau.

Juu ya magunia ya chumvi

Kutoka Kigoma, siku iliyofuata alfajiri, nilipata lori la Bwana Hamisi, mtu wa Ujiji mwenye duka Kasulu. Alikuwa amepakia chumvi na dagaa. Mbele alikaa mama mjamzito na mumewe, kwa hiyo mimi nilipanda juu ya magunia pamoja na abiria wengine sita. Tulipoanza kupanda milima mvua ikatushukia. Tukajifunika turubai moja, dagaa wakatoa harufu yao yote, na baridi ikaniingia mpaka kwenye meno. Mimi mtu wa Tabora sikujua kwamba nchi hii ina baridi ya namna ile.

Lori lilikwama mara mbili kwenye tope jekundu. Mara ya pili tulikaa muda mrefu, na wanawake waliokuwa wakienda shambani wakaja kututazama. Mmoja akanijia, akainama kidogo, akakutanisha viganja vyake taratibu, makofi laini kabisa yasiyo ya shangwe, akasema, "Mwakeye!"

Mimi nikasikia "mwake yeye". Nikadhani huyo "yeye" ni mume wangu, ananiuliza yuko wapi. Nikamjibu, "Nimemwacha Tabora, mama, ana kazi."

Waliokuwa kwenye lori walicheka mpaka mmoja akashuka chini asianguke. Kumbe alikuwa ananiamkia tu, kwa salamu yao ya asubuhi. Yule mama hakucheka. Alibaki ameinama, viganja vyake vimegusana, akinisubiri. Abiria mmoja akanigusa bega: "Mwitike, mwalimu. Hawezi kuondoka." Nikapiga makofi yangu mawili ya ovyoovyo, nikasema hilo neno jinsi nilivyolisikia. Ndipo akanyooka, akauliza safari, akauliza nyumbani, akauliza mvua ya kwetu, halafu akaniuliza nina haja gani katika nchi yao. Abiria akanifasiria kwamba ndivyo ilivyo: ukishamwitikia mtu, lazima umuulize shida yake, na yeye aiseme.

Yalinipendeza sana yale makofi. Njia nzima mpaka Kasulu niliyapiga mapajani kwangu, nikayatafutia mapigo ya ngoma.

Kasulu

Theresia alinipokea akiwa amekonda. Nyumbani kwake, sakafuni, alikaa Yustina. Alikuwa na miaka kama kumi. Miguu yake ililemaa kwa ugonjwa alipokuwa mdogo, na alikwenda kwa kutambaa, viganjani amevaa vipande vya katambuga, vile viatu vya tairi la gari, na vingine amevifunga magotini. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Alisoma gazeti la ukutani lililobandikwa kuzuia vumbi, akalisoma lote kwa sauti, pamoja na matangazo.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema alipomaliza.

"Marahaba. Nani kakufundisha kusoma?"

"Mama mdogo. Lakini mama mdogo si shule."

Nikamuuliza Theresia kwa nini wamemkataa. Akaniambia mwalimu mkuu wa kule, mtu mgeni katika wilaya, ana watoto tisini katika darasa moja la nyasi na hana dawati la ziada. Mara ya kwanza alisema choo kiko mbali. Mara ya pili alisema shule ina mstari kila asubuhi, na asiyeweza kusimama mstarini hawezi kuandikwa. Kijiji hicho kiko njia ya kwenda Mabamba, na jina lake silitaji, kwa sababu mwalimu huyo bado yupo, nami sitaki apate matatizo kwa kalamu yangu.

Tukaanza kazi. Watoto wengine walikuwa wazima wa viungo. Mmoja alikuwa hasikii, akafuata mapigo kwa kuweka kiganja kwenye ubavu wa ngoma, na wawili walikuwa wa familia zilizokimbia kutoka Burundi. Mchezo tuliutunga hivi: watoto wako kwenye duara wanacheza. Yustina anakuja kwa kutambaa. Anaizunguka duara akimsalimu kila mmoja kwa makofi yale ya Kiha. Hawamwitiki. Kila anayesalimiwa anageuza mgongo. Ngoma inanyamaza kabisa. Anaondoka. Kisha duara yenyewe inashindwa kucheza, mmoja mmoja wanamfuata, wanaketi chini alipo, na ngoma ya mwisho wote wanaicheza wakiwa wamekaa, kwa mikono, mabega na shingo. Hiyo ngoma ya kukaa ilikuwa nzuri jamani. Hungejua nani ana miguu na nani hana.

Makofi yale niliyaweka mimi. Theresia alisita. "Shoga, hapa kwetu makofi haya si ya kuchezea. Mtu akikupigia huwezi kumwacha hivi hivi."

"Ndiyo maana yatauma," nikamwambia. Nilijiona hodari.

Watoto walishindwa. Yustina akipiga makofi, mikono yao inajibu yenyewe kabla ya kufikiri. Eliza, msichana mrefu aliyeongoza duara, ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Nilimwambia afunge mikono nyuma, bado midomo yake iliitika. Siku moja nilimkaripia mbele ya wenzake, nikamwambia hana akili ya mchezo, nikamweka nje ya duara siku nzima. Alikaa ukutani akilia. Mimi, niliyetoka Tabora kuja kufundisha ubaya wa kumtenga mtoto, nilimtenga mtoto, na wala sikuliona hilo. Theresia aliliona, akanitazama.

Mwishowe wakajua kunyamaza. Katika ukumbi wa mjini tuliwaonesha wafanyakazi wa serikali, wenye maduka na wake zao. Wote waliketi kwenye viti. Yustina aliposalimu na ngoma ikanyamaza, ungesikia mtu akimeza mate. Wengi walifuta macho. Madirishani walisimama watu wa sokoni, na kutoka huko nilisikia kama makofi madogo madogo, nikaona wanatuharibia, nikaashiria madirisha yafungwe. Baada ya mchezo watu walikuja kunishika mkono. Mke wa daktari aliniambia hajapata maumivu ya namna ile moyoni tangu afike Kasulu. Nilifurahi sana.

Kwenda Kibondo

Bwana Hamisi alikubali kutuchukua tukacheze Kibondo, kisha kijijini kwa mama yake Yustina, mbele ya mwalimu aliyemkataa, kwa vile alikuwa anapeleka chumvi huko huko. Watoto walipanda wakiimba. Yustina alikataa kupandishwa. Aliomba ngazi ya magunia, akapanda mwenyewe kwa mikono, huku abiria wote wakisubiri. Bwana Hamisi, kwenye usukani, alipiga honi. Yustina akamwambia, "Babu, nakuja, usinipigie kama ng'ombe." Bwana Hamisi, ambaye hakuwa babu wa mtu, aliinyamazisha honi yake.

Kwenye kizuizi cha mbung'o, wale inzi wa malale, tulishushwa wote. Mtu mwenye kikapu cha wavu alizunguka lori, akachungulia chini yake, akakamata mbung'o watatu, akatuonesha kwa fahari. Alipomwona Yustina ametulia kivulini, akamzunguka pia kwa wavu wake, akiangalia mgongoni kwake kama anavyoangalia mzigo. Yustina akamwambia, "Mimi sina mbung'o, baba. Mimi ni mtu." Yule bwana aliona haya kabisa. Alikwenda kibandani kwake akarudi na mihogo ya kuchoma, akampa yeye kwanza, kisha sisi.

Mbele kidogo springi ilivunjika. Tulikaa porini kuanzia asubuhi mpaka alasiri, Bwana Hamisi akiifunga kwa kamba za mpira na kumwomba Mungu kwa sauti. Ndipo Theresia aliponiambia, tukiwa tumekaa peke yetu kando ya barabara, kwamba dada yake hataki tufike. Mama Yustina alikuwa ametuma neno: mtoto wake si kitu cha kuoneshwa watu, na wakishamcheka kwenye uwanja wa shule, yeye atamficha wapi?

"Na wewe unaonaje?" nikamuuliza.

"Naona anaogopa kwa haki. Na mimi naogopa." Akavunja kijiti alichoshika. "Lakini baada ya siku nne nitakuwa njiani kwenda Lindi."

Kibondo

Kibondo tulicheza uwanjani mbele ya ofisi, na wakubwa wamewekewa viti chini ya turubai. Mchezo ulikwenda vizuri. Kimya kilikuwa kimya. Ngoma ya kukaa ilipokwisha, mgeni rasmi mmoja, ambaye naye simtaji, akasimama kusema neno la shukrani. Alitusifu, akaisifu elimu, akasema serikali inataka kila mtoto asome. Halafu akamnyooshea mkono Yustina.

"Hasa huyu binti. Ameigiza ulemavu mpaka tumeamini. Sasa, binti yangu, simama tukupongeze."

Nilitaka kumfuata nimweleze, lakini nikawahiwa. Yustina aliketi pale mavumbini, viganja vyake ndani ya katambuga, akamwinulia uso.

"Ndugu mgeni rasmi," akasema, "nimekwisha simama."

Watu wakapiga makofi. Yule bwana akapiga pia, akacheka, akaketi. Mpaka leo sijui kama alielewa. Sisi tulielewa, tukakusanya vitu vyetu. Jioni ile Yustina hakula. Nilimpelekea chai, akaniuliza, "Mwalimu, watu wa Kasulu na wa hapa walilia kweli?"

"Walilia kweli."

"Basi mbona hakuna aliyeniitika?"

Nikamwambia huo ni mchezo, watazamaji hawaitiki. Akasema, "Ehe," kama mtu aliyepewa jibu la hesabu asilolikubali.

Njia ya Mabamba

Tulifika kijijini mchana. Ni nyumba mpya zilizopangwa mstari mmoja tangu watu walipohamishwa kutoka migombani kwao, na shule iko mwisho wa mstari. Mama Yustina hakutoka kutupokea. Theresia aliingia ndani, nikasikia sauti zao mbili kwa Kiha, moja ikipanda, nyingine ikilia. Akatoka akasema, "Hatakuja. Lakini hajakataza."

Mwalimu mkuu alikuja. Nilimtarajia mtu wa kiburi, nikamwona kijana aliyechoka, shati limefuliwa mpaka limechujuka, chaki kwenye nyusi. Akatusalimu kwa heshima. Pembeni akaniambia, "Ndugu mwalimu, najua mmekuja kwa sababu gani. Mniwie radhi. Huruma ninayo, darasa sina." Alikuwa amejipanga kabla ya sisi kufika. Akaketi kwenye kiti chake, peke yake, chini ya bendera, na kijiji kizima kikakaa kwenye nyasi kuizunguka duara yetu. Viti vingine havikuwepo.

Nikashika ngoma. Watoto wakacheza. Yustina akaja akitambaa kutoka upande wa barabara, na kulikuwa na minong'ono, kwa kuwa wote walimjua. Akafika kwa Eliza, akainama, akapiga makofi. "Mwidiwe," akasema, maana ilikuwa mchana. Nikainua mikono yangu kutoka kwenye ngoma. Eliza akageuza mgongo.

Kutoka kwenye nyasi wakapiga makofi. Walikuwa kina mama wazee waliokaa mbele, wote pamoja, laini, taratibu. "Mwidiwe, mwana!" Nyuma yao wakafuata wanaume, kisha watoto, kisha uwanja mzima.

Mimi nikapandwa na hasira. Wiki tatu za kazi, na kimya chetu chote kimeharibika! Nikainuka, nikawaashiria wanyamaze, kidole mdomoni, nikasema kwa sauti, "Jamani, huu ni mchezo! Msiitike, ni mchezo tu!"

Mama mmoja aliyekaa karibu yangu, amejifunga kitenge kifuani, akanitazama kwa mshangao wa kweli. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Wewe mwalimu, mtoto wetu anatusalimu. Tunyamaze, tuwe nini?"

Nilikaa. Niliyakumbuka madirisha ya Kasulu niliyoyafungisha, na uso ukaniwaka. Wale wa madirishani hawakuwa wanapiga kelele. Walikuwa wanamwitika, nami nikawafungia nje. Kwenye duara, Eliza alikuwa amegeuka tena. Alikuwa analia, viganja vyake vikikutana, naye akamwitika Yustina mbele ya macho yangu, halafu watoto wote wakamwitika. Mchezo wetu ulikufa pale. Wala sikuupigia ngoma tena.

Yustina angeweza kuishia hapo. Hakuishia. Alitoka nje ya duara, akaenda kwenye nyasi, akasalimu safu ya kwanza, mtu mmoja mmoja, nao wakamwitika, wakamuuliza safari, wakamuuliza Kasulu, wakamuuliza mvua. Ilichukua muda mrefu sana. Hakuna aliyemharakisha. Alikwenda safu kwa safu mpaka akabaki mtu mmoja tu uwanjani ambaye hajasalimiwa, naye yuko juu ya kiti.

Akatambaa mpaka mbele ya kile kiti. Akainama. Akapiga makofi. "Mwidiwe, mwalimu."

Yule kijana akamtazama. Akatutazama sisi. Mimi nilijua anawaza nini, kwa sababu ndivyo ningewaza na mimi: akiitika, ataonekana amekubali, asipoitika, ataishije katika kijiji hiki? Pia nadhani, na sitaki kumdhulumu, alikuwa anamwona Yustina kwa mara ya kwanza karibu namna ile. Akatoka kwenye kiti, akachuchumaa. Akakutanisha viganja vyake, vibaya vibaya kama nilivyofanya mimi kwenye tope, na chaki ikapeperuka. "Mwidiwe," akasema.

Basi, akadhani yamekwisha, akataka kurudi kwenye kiti. Lakini kijiji chote kilikuwa kinamsubiri. Yule mama wa kitenge akamsaidia. "Mwulize, mwalimu. Umemwitika. Mwulize shida yake."

"Una shida gani?" akauliza polepole.

"Nimekuja kuandikwa."

Mwalimu mkuu akapangusa uso. "Mstari unaanza saa moja na nusu," akasema. Hakusema ndiyo. Akachukua kiti chake akaondoka.

Asubuhi

Bwana Hamisi alikuwa ametuonya: ataondoka saa mbili, na springi yake haingoji mtu. Theresia alikuwa na safari ya Lindi, mimi nilikuwa na kipindi cha kufundisha Tabora.

Saa moja asubuhi mama Yustina alitoka ndani na beseni la maji. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona. Alimwogesha binti yake mlangoni, hadharani, mbele ya nyumba zote zile zilizopangwa mstari, akamsugua shingo kwa nguvu, akampaka mafuta. Alimfunga zile katambuga yeye mwenyewe, akakaza kamba, akazijaribu kwa kidole. Hakutusemesha sisi. Kisha akatangulia mbele, na Yustina akamfuata nyuma mpaka shuleni. Sisi tulibaki barabarani kwenye lori, kwa sababu Theresia alisema tukienda naye itaonekana ni sisi tunaomwandikisha.

Kwa mbali tuliona mstari. Tuliona mwalimu mkuu akipita na daftari. Alisimama muda mrefu mwisho wa safu ya darasa la kwanza, mahali ambapo kichwa kimoja kilikuwa chini kuliko vingine. Mama Yustina alikuwa kando ameshika mikono yake. Sikuona kama aliandika. Theresia alinishika mkono mpaka ukaniuma, akaniuliza kila mara, "Ameandika? Zuhura, macho yako mazuri, ameandika?" Nikamwambia sioni. Watoto wakaingia darasani, mama yake akaondoka kwenda shambani na jembe lake, na kwenye uwanja hakubaki mtu.

Bwana Hamisi akawasha gari. Theresia akasema hawezi kuondoka bila kuagana na mtoto aliyekaa naye mwaka mzima. Tukaenda taratibu mpaka mbele ya shule. Watoto juu ya magunia wakaanza kumwita, "Yustina! Yustina, tunakwenda!" Hakutoka. Tulisikia darasa zima likiimba herufi, a, e, i, o, u, na sauti yake sikuweza kuitenga na za wengine. Nakiri niliumia. Nilitaka atoke, nimwone, aniage mimi pia. Bwana Hamisi, kwa kutuhurumia, akapiga honi ndefu.

Mwalimu mkuu akatoka mlangoni, chaki mkononi, amekasirika kweli kweli.

"Nyinyi!" akatufokea. "Zimeni hiyo honi! Watoto wanasoma!"

Theresia akafunika uso kwa kanga yake, akirudia, "Watoto wanasoma! Naye yumo!" Bwana Hamisi akaomba radhi, akaondoa lori polepole.